Shukrani ya mnunuzi ionekane kwenye kipimo

Mtu anaweza kutoka nyumbani asubuhi kwenda sokoni Mungaa kununua chumvi na mche wa sabuni, akarudi jua likiwa utosini, na asiulizwe alikuwa wapi. Kila mtu anajua alikuwa wapi. Alisimama kumsalimia shangazi yake, akaulizia hali ya mgonjwa aliyelazwa Hospitali ya Makiungu, akawatazama mbuzi ambao hakuwa na nia ya kuwanunua, akasikia mvua imenyesha wapi na imeruka wapi. Chumvi na sabuni vilichukua dakika chache. Muda uliobaki ulikuwa wa watu.

Mungaa ni kata ya Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, wilaya iliyomegwa kutoka Singida Vijijini mwaka 2012. Ni nchi ya Wanyaturu, nchi ya mawe makubwa na upepo, yenye msimu mmoja wa mvua unaoanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili. Watu wanalima mtama, uwele, mahindi, alizeti, viazi vitamu na vitunguu. Wanafuga ng'ombe, mbuzi, kondoo, na kuku ambao sifa yao imefika mbali kuliko jina la kata yenyewe. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,008,058 katika mkoa mzima, na wengi wao wanaishi vijijini, ambako kununua na kuuza bado ni shughuli ya kuonana uso kwa uso.

Mgeni wa mjini huona saa hizo za sokoni zimepotea bure. Anakosea. Watu wa sokoni wanastahili kutazamwa kwa makini, na anayewatazama hivyo atagundua kwamba anadaiwa shukrani na watu wengi kuliko alivyodhani. Deni hilo halilipwi kwa maneno peke yake. Linalipwa kwa bei ya haki na kwa kipimo kamili, na hapo ndipo wanunuzi wengi, hasa wenye magari na mitaji, wanaposhindwa.

Mtazame mama anayeuza mtama. Ameketi juu ya gunia tupu, miguu ameinyoosha, na mbele yake nafaka imemwagwa kwenye turubai pamoja na lile kopo la rangi ambalo sokoni linaitwa sado. Mteja akisema "nipimie mbili", mama huzamisha kopo kwenye nafaka, hulijaza, kisha huanza kujenga kilele kwa kiganja. Anamimina taratibu, anaukinga ukingo kwa mkono wa pili ili punje zisiporomoke, anaongeza tena mpaka kilele kinakataa. Mteja anayejua soko haangalii kilele tu. Anaangalia kidole gumba cha muuzaji kiko nje ya kopo au ndani, kwa sababu kidole kilichozama ndani kimekula nafasi ya punje zake. Muuzaji mwaminifu hushika kopo kwa nje. Akishamimina yote kwenye mfuko wa mteja, huchota kiganja kimoja zaidi na kukitia juu bila kuombwa.

Kiganja hicho kimoja kina mengi ndani yake. Biashara ya Wanyaturu haikuanza juzi, wala haijawahi kuwa ya kubahatisha. Harold Schneider, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyefanya utafiti kwa Wanyaturu mwaka 1959 na 1960, alichapisha mwaka 1970 kitabu kizima kuhusu uchumi wa Wanyaturu wa kundi la Wahi. Alieleza jinsi kaya zilivyogeuza nafaka ya ziada kuwa mbuzi na ng'ombe, na jinsi samadi ya mifugo hiyo ilivyorudi shambani kuzaa nafaka nyingine. Aliwakuta ni watu wanaopima faida na hasara kwa umakini mkubwa. Basi mtu anayejua hesabu kiasi hicho anapoongeza kiganja cha mtama bure, anajua vizuri anachokitoa. Anamwambia mteja kwamba amemwona, na kwamba angependa wakutane tena.

Zipo nchi ambako mambo haya yamelazimika kupangwa upya kwa makusudi. Huko Uholanzi, kampuni ya maduka makubwa ya Jumbo ilifungua mwaka 2019, katika mji wa Vlijmen, kaunta ya malipo iliyotengwa kwa wateja wasio na haraka, wanaotaka kuzungumza kidogo na mhudumu wakati wa kulipa. Waliofikiriwa zaidi ni wazee wanaoishi peke yao, ambao huenda wasiongee na mtu mwingine siku nzima. Wazo lilipokelewa vizuri, na mwaka 2021 kampuni ikatangaza kwamba kaunta hizo zingefika katika maduka 200. Juhudi hizo ni za kupongezwa. Lakini zinatoka katika jamii iliyoharakisha manunuzi mpaka salamu ikatoweka, halafu ikaanza kuitafuta.

Watafiti wa saikolojia Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn walilipima jambo hilohilo nchini Kanada, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2014. Waliwaomba baadhi ya wateja wa duka la kahawa wamtazame mhudumu usoni, watabasamu na kuongea naye kidogo. Wengine waliombwa wanunue haraka na kuondoka. Waliozungumza walitoka wakiwa na furaha zaidi na wakijihisi sehemu ya jamii. Bibi yeyote wa Mungaa angewaambia matokeo hayo kabla hawajaanza, ila ni vizuri sasa yameandikwa, maana wapo wapangaji wa miji wanaoamini kitu pale tu kinapoandikwa.

Hata hivyo, mazungumzo mazuri hayajazi sufuria. Soko linapimwa pia kwa kilichomo mezani, na kwa hili wazee wana macho ambayo vijana hawana.

Mwaka 1976 serikali iliendesha Operesheni Maduka, iliyofunga maduka mengi ya watu binafsi vijijini ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji na ya ushirika. Mengi ya maduka hayo mapya hayakuwa tayari, na baada ya muda mfupi operesheni ikasitishwa. Kisha vikaja Vita vya Kagera, 1978 na 1979, vilivyokausha hazina. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, sabuni, sukari, mafuta ya kula, khanga na dawa ya meno viligeuka kuwa bidhaa adimu nchi nzima. Vilipatikana kwa mgao na kwa foleni. Habari kwamba duka limepata sukari ilitosha kuacha jembe shambani. Wengine walifulia nguo kwa majani ya mpapai, na wengine walikula ugali wa unga wa njano wa kutoka nje, ule ulioitwa yanga. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, na mwaka 1984 bajeti ya serikali ikaanza kuruhusu watu waingize bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Taratibu rafu zikajaa, na marobota ya mitumba yakafika mpaka vijijini.

Kijana aliyezaliwa baada ya hapo hupita mbele ya miche ya sabuni iliyopangwa dukani bila kugeuza shingo. Waliosimama kwenye foleni za mwaka 1982 huiona. Baadhi yao mpaka leo hununua mche mmoja wa kutumia na mwingine wa kuweka, ingawa duka liko hatua chache kutoka nyumbani. Watoto wao huwaona kama wana hofu isiyo na sababu. Afadhali wangewauliza, kwa sababu wazee hao ndio kumbukumbu pekee ya kile ambacho duka dogo la kijijini limeokoa.

Duka hilo nalo lina daftari lake. Kila mwenye duka kijijini analo, mara nyingi ni la shule la kurasa nyingi, jalada limechakaa, limefichwa chini ya meza karibu na boksi la fedha. Ndani yake kuna majina ya akina mama na baba fulani, na mbele ya kila jina sukari robo, unga kilo mbili, mafuta ya taa, kalamu mbili za mtoto. Kati ya Januari na Machi, nafaka ya mwaka uliopita inapokwisha na ya mwaka huu ingali shambani, kurasa hujaa haraka. Baada ya mavuno majina yanaanza kufutwa. Hakuna benki inayokopesha unga wa kilo mbili kwa neno la mtu. Mwenye duka hukopesha, huku naye akiwa amekopa kwa muuzaji wa jumla wa mjini Singida. Anayemlaumu kwa kuuza ghali kwa shilingi chache kuliko mjini hajalisoma daftari hilo. Hata hivyo mwenye duka naye asisahau kwamba maskini, anayenunua mafuta ya kupikia kwa kipimo kidogo kila jioni, humlipa zaidi kwa kila lita kuliko tajiri anayebeba dumu zima.

Sasa kuku. Hapa inafaa kwenda polepole, maana kuku wa kienyeji wa Singida ndiye bidhaa inayotoka vijiji hivi na kufika mbali zaidi, na ndiye anayeonyesha vizuri nani anashukuriwa na nani anasahauliwa.

Mfugaji wake kwa kawaida ni mwanamke. Kuku ndiyo akiba yake iliyo karibu: sare ya shule, nauli ya kwenda hospitali, mchango wa msiba. Kuku hujitafutia chakula uani na kuongezewa pumba au mtama kidogo, jioni hufungiwa ndani kwa kuogopa kicheche na wezi. Adui mkubwa ni ugonjwa wa kideri, ambao ukiingia kijijini unaweza kumaliza banda zima katika siku chache. Waswahili husema kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, na akiangua vifaranga huchukuliwa na mwewe. Kwa kideri angalau ipo kinga. Ni chanjo ya kudondoshwa jichoni, tone moja kwa kila kuku, ambayo inapaswa kurudiwa mara kadhaa kwa mwaka. Mwanamke aliyewashika kuku wake mmoja mmoja alfajiri, kabla hawajatoka, na kuwadondoshea chanjo hiyo, amefanya kazi ambayo mlaji wa Dar es Salaam hajawahi kuisikia.

Siku ya kuuza, anamfunga jogoo miguu kwa kipande cha kitambaa, anamkumbatia kwapani na kutembea naye mpaka sokoni. Huko yupo mchuuzi mwenye pikipiki na tenga. Mchuuzi anampokea jogoo, anampapasa kifua, anafunua mbawa, anaangalia upanga na macho, anamnyanyua kukisia uzito. Halafu anatikisa kichwa na kutaja bei. Mzani haupo. Bibi naye anataja yake. Wote wawili wanajua kwamba bibi akikataa atambeba jogoo mpaka nyumbani na shida iliyomleta itabaki palepale. Mara nyingi anakubali.

Kutoka hapo jogoo husafiri takriban kilomita 700 mpaka masoko ya Dar es Salaam kama Shekilango na Kisutu. Kule bei yake ni nyingine kabisa, na jina Singida linatajwa kwa sauti kwa sababu linaongeza thamani. Haitakuwa haki kumfanya mchuuzi kuwa mwovu wa hadithi hii. Analipa mafuta, ushuru na nauli, kuku wengine humfia njiani, na bila yeye jogoo asingefika popote. Naye anastahili shukrani. Lakini kati ya wote wanaomgusa jogoo huyo, aliyemlea miezi yote ndiye anayelazimishwa kushusha bei kwa unyonge, na ndiye ambaye jina lake halijulikani mezani.

Kwenye vitunguu unyonge huo umeshonwa kabisa kwenye gunia. Singida ni mkoa wa vitunguu, na mjini kuna soko kubwa la zao hilo, la Misuna. Mkulima yeyote anaijua lumbesa: gunia linajazwa mpaka mdomoni, kisha linaongezewa wavu au kipande cha gunia jingine juu, linajazwa tena, linashonwa, na kuhesabiwa kuwa gunia moja. Wakala wa Vipimo, ulioanza kazi mwaka 2002, umekuwa ukiipiga vita miaka yote hii. Sheria ya Vipimo inataka mazao yauzwe kwa mzani, na gunia la mazao halipaswi kuzidi kilo 100. Lumbesa bado ipo, kwa sababu mnunuzi huwaambia wakulima kwamba asiyetaka aache, atanunua kwa jirani.

Irudishwe sasa picha ya yule mama na sado yake. Kilele cha mtama na kiganja cha juu vimetolewa na muuzaji, kwa hiari yake, kwa mtu aliyemsalimia. Lumbesa imechukuliwa na mnunuzi, kwa nguvu zake, kutoka kwa mtu ambaye hana pa kupeleka vitunguu kabla havijaoza. Kwa macho, vyote viwili ni ziada iliyorundikwa juu ya kipimo. Kwa haki, havina undugu wowote. Wapo wanunuzi wanaojitetea kwamba lumbesa ni desturi ya nyongeza tu, na utetezi huo unapaswa kukataliwa waziwazi, kwa sababu unautumia ukarimu wa watu wa vijijini kama kisingizio cha kuwaibia.

Ni kweli kwamba si kila kutazama watu ni kwema. Sokoni kila mtu anaona kikapu cha mwenzake, na macho yanaweza kuumiza. Yupo mama anayesubiri wateja wapungue ndipo amnong'oneze mwenye duka kwamba leo achukulie robo, alipe Jumamosi. Yupo baba anayepita mbele ya nyama choma ya mnadani akizungumza na simu ambayo haijapigwa. Watu wa heshima wanajua kugeuza macho wakati huo. Mwenye duka mstaarabu hufunga ile robo kwenye gazeti kama alivyofunga kilo ya mteja wa kabla yake, na salamu anampa ileile. Kumtazama mtu kwa shukrani kunahitaji pia kujua wakati wa kutomtazama.

Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough, watafiti wa Marekani, walichapisha jaribio lililopata umaarufu mkubwa. Watu walioandika kila wiki, kwa wiki kumi, mambo machache wanayoyashukuru, waliridhika na maisha yao kuliko walioandika kero zao. Tangu hapo madaftari ya shukrani yanauzwa kila mahali. Zoezi lenyewe si baya, na anayelipenda aendelee nalo. Upungufu wake ni kwamba linamnufaisha anayeandika. Yule aliyelima, aliyechanja, aliyebeba na aliyekopesha hapati kitu kutokana na daftari hilo. Kwa mfano, wanawake wa Kinyaturu husuka vikapu vya kuuza, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini Juni 1, 2019, hata mjini watu wengi wamerudia kikapu. Kukisifia kikapu ni jambo dogo. Kumlipa msusi bei inayolingana na siku alizokaa nacho mikononi ndiyo shukrani anayoweza kununulia unga.

Serikali nayo ina sehemu yake. Mwaka 2021 iliitaja Singida, pamoja na Dodoma na Simiyu, kuwa mikoa ya kimkakati kwa zao la alizeti, ili nchi ipunguze kuagiza mafuta ya kula. Wakulima wa mikoa hiyo wamekuwa wakiulisha mkakati huo kwa jembe na kwa jasho. Ushuru unaokusanywa minadani na magulioni, kutoka kwa haohao wanaouza jogoo mmoja na debe moja la alizeti, urudi kwao kwa sura wanayoiona: mzani uliohakikiwa ulioning'inizwa hadharani, kivuli, choo safi na maji. Mzani wa kuku ungemwondolea bibi nusu ya unyonge wake kwa asubuhi moja.

Wasomaji wa mjini wanaopita barabara ya Dodoma hadi Singida, wakishuka Ikungi au wakikata kona kuelekea Mungaa kununua kuku, asali au vitunguu, wasalimie kwanza na waulize bei. Kama ni ya haki, wailipe bila kuivutavuta, kwa sababu shilingi elfu moja inayookolewa pale haibadilishi kitu garini, lakini inabadilisha chakula cha jioni nyumbani kwa bibi. Wenyeji waliokopeshwa unga wakati wa njaa wapitie dukani kwanza wakishauza mavuno, daftari lifutwe kabla ya sherehe. Na mkulima wa vitunguu atakayeambiwa ashone lumbesa akatae, jirani yake akatae naye, na watoe taarifa kwa maofisa wa vipimo, kwa sababu kwenye jambo hili sheria iko upande wao.